Ishirini kwa Thelathini ya Nini?

Tangazo huingia kwenye simu likiwa na picha nne na maneno machache. Nyumba inauzwa Misigiri, vyumba vitatu, kimoja masta, bati la msauzi, kiwanja ishirini kwa thelathini, ipo barabarani, umeme na maji vipo, bei maelewano. Anayelisoma yuko Mwanza au Kahama, pengine Dar es Salaam, mzaliwa wa Iramba anayetafuta pa kufikia akistaafu. Anapiga simu. "Dada, nyumba ina ukubwa gani?" Anajibiwa, "Kubwa tu kaka, ukiiona mwenyewe utaipenda." Anamtumia mdogo wake nauli akaikague, na mdogo mtu anarudi na jibu lile lile: kubwa.

Misigiri ni njia panda. Lami itokayo Singida kwenda Shelui, Igunga na Nzega inapita hapo, na anayekwenda Kiomboi, makao makuu ya wilaya ya Iramba, anachepukia hapo. Mahali pa namna hiyo nyumba huuzwa kwa simu, na mara nyingi fedha hutangulia kufika kabla ya mwenye fedha. Ndiyo maana namshauri kila anayetaka kuuza atenge nusu siku, kabla hajamwita dalali, apime nyumba na kiwanja chake kwa futi kamba na kuandika kila kitu kwenye daftari. Wala asidhani anamfanyia hisani mnunuzi. Mtu asiyejua ukubwa wa kitu hukikisia kidogo ili asije akaumia, na hasara ya makisio hayo humwangukia muuzaji.

Tuanze na hiyo ishirini kwa thelathini. Ya nini? Ikiwa ni mita, kiwanja kina mita za mraba 600. Ikiwa ni hatua, na hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, ni mita 15 kwa 22.5, yaani mita za mraba 337 na nusu. Ikiwa aliyepiga hatua ni bwana mrefu anayejinyoosha hadi sentimita 90, zinakuwa 486. Na ikiwa ni futi, kiwanja kizima hakifiki mita za mraba 56, hiyo nyumba ya vyumba vitatu haitoshi hata kusimama juu yake. Namba ni ile ile, na kila mmoja anaondoka na kiwanja chake kichwani.

Mchezo huo huo uko kwenye ekari. Vijijini kwetu ekari ni "sabini kwa sabini", na kila mtu anaijua. Asili ya hesabu hiyo ni yadi, ambayo ni sentimita 91 na ushei: yadi 70 kwa 70 zinaizidi kidogo tu ekari halisi, yenye mita za mraba 4,047. Mzee aliyezoea kupima mashamba kwa hatua ndefu, akiwa na fimbo mkononi, alikuwa anaikaribia yadi. Akija kijana na tepu ya mita akapima mita 70 kwa 70, anampa mnunuzi mita za mraba 4,900. Muuzaji ametoa bure mita za mraba 853, zaidi ya kiwanja kizima cha mita ishirini kwa thelathini. Akija mwingine na hatua zake fupi za sentimita 75, mnunuzi anapata 2,756, na karibu theluthi ya ekari aliyoilipia haipo. Jirani zetu wa Kenya nao wana "hamsini kwa mia", kipimo cha futi kinachouzwa kama sehemu ya nane ya ekari. Ni mita za mraba 464, ilhali sehemu ya nane ya kweli ni 506. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: usiandike namba ya kipimo bila kutaja kizio chake, na kizio kiwe mita. Hatua ibaki kwenye mazungumzo.

Nyumba yenyewe ina matatizo yake, na hapa ndipo pa kukaa kitako. Watu wengi wanajua ukubwa wa kiwanja chao kwa namna fulani, lakini ukiwauliza ukubwa wa nyumba wanahesabu vyumba. Si kosa lao. Serikali yenyewe kwa kawaida haiwaulizi. Kodi ya pango la ardhi hukokotolewa kwa mita za mraba za kiwanja, lakini kodi ya majengo, ile inayokatwa tunaponunua umeme wa LUKU tangu 2021, hutoza nyumba ya kawaida kiwango kimoja, iwe ya vyumba viwili au saba. Fundi naye alijenga kwa futi: "Hiki kumi kwa kumi, hiki kumi na mbili kwa kumi na mbili." Namba hizo ndizo mwenye nyumba alizozishika, na ndizo anazozitangaza miaka kumi baadaye.

Namba za fundi si uongo, ila mara nyingi zilipimwa msingi ulipokuwa unasetiwa, kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta wa pili. Chumba cha futi 12 kwa 12 kikipimwa hivyo ni mita 3.66 kila upande. Baada ya tofali na plasta, ukuta ukiwa na unene wa sentimita 19 hivi, ndani kunabaki mita 3.47. Mita za mraba 13.4 zimekuwa 12. Kwenye chumba kimoja hutaona tofauti, lakini kwenye nyumba nzima ni kama stoo imemezwa na kuta. Kuna pia kosa la hesabu ambalo nimeliona hata kwenye matangazo ya watu wenye elimu: mtu ana futi za mraba 144 anazigawa kwa 3.28, kwa kuwa mita moja ni futi 3.28, anapata chumba cha mita za mraba 44. Hicho si chumba, ni darasa. Mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76, na hiyo ndiyo ya kugawia. Afadhali zaidi upime kwa mita tangu mwanzo.

Sasa chukua nyumba ya mstatili, mita 12 kwa 9 ukiipima kwa nje. Kwa nje ina mita za mraba 108. Kuta za nje za sentimita 20 zinakula mita za mraba nane na kidogo. Kuta za ndani, ambazo kwenye nyumba ya vyumba vitatu zikiunganishwa hufika kama mita 25 za urefu, zinakula nyingine nne na nusu. Zimebaki 95. Ikiwa varanda ya mita nne kwa moja na nusu iko ndani ya mstatili huo huo, toa sita, sakafu ya kuishi ni 89. Na yule anayepima kwa picha za setilaiti kwenye simu, akiona paa lililotokeza sentimita 60 kila upande, atakuambia nyumba ina 135. Wote wanne wamepima nyumba moja, na hakuna aliyedanganya.

Nyumba za zamani zenye kuta nene za udongo huongeza pengo hilo. Ukuta wa nje wa sentimita 40 kwenye nyumba ya ukubwa ule ule unachukua zaidi ya mita 16 za mraba, sawa na chumba cha mita nne kwa nne. Aliyewahi kulala kwenye tembe anajua faida ya ukuta huo mchana wa Oktoba, lakini mnunuzi hapangi kitanda ndani ya ukuta.

Ukubwa upi basi utangazwe? Dunia haijakubaliana. Marekani wana kiwango kiitwacho ANSI Z765 ambacho hupima nyumba ya familia kwa nje, kuta zikiwemo, na tangu Aprili 2022 kampuni ya mikopo ya nyumba ya Fannie Mae imekifanya cha lazima kwa wathamini wanaoiandikia ripoti. Gereji haihesabiwi, wala chumba ambacho hakijakamilika. Ufaransa, kinyume chake, sheria ya Carrez ya Desemba 1996 inayohusu nyumba za ghorofa zenye umiliki wa pamoja inataka kipimo cha ndani, bila kuta, na sehemu ambayo dari yake haifiki mita 1.80 haihesabiwi. Huko eneo halisi likipungua kwa zaidi ya asilimia tano ya lililoandikwa kwenye mkataba, mnunuzi ana mwaka mmoja wa kudai arudishiwe sehemu ya bei. India nao mwaka 2016 walitunga sheria iliyowalazimu wajenzi kuuza kwa eneo la sakafu ya ndani, baada ya wanunuzi kuchoka kulipia ngazi na korido za jengo zima. Kwa hiyo mwana wa Iramba aliyeko Texas akisikia "108" na aliyeko Paris akisikia "108", kila mmoja anawaza nyumba tofauti.

Kwa maoni yangu Misigiri tutoe namba mbili, na ya ndani itangulie. Ya ndani ndiyo mtu anayoishi. Ya nje inamsaidia mthamini na fundi, na inamwezesha mtu kuiangalia nyumba kwa macho akajua kama umesema kweli. Anayetoa ya nje peke yake na kukaa kimya kuhusu kuta huwa anajua anachofanya.

Upimaji hauhitaji ufundi mkubwa. Tafuta futi kamba ya chuma au ya nyuzi ngumu, ya mita 30 kwa ajili ya nje. Ile ya mfukoni ya mita tano inafaa vyumbani. Kamba ya kawaida yenye mafundo iache, inavutika. Muwe wawili. Kila chumba kipimwe kutoka plasta hadi plasta, usawa wa kiuno, mbali na fanicha, upana na urefu, kisha kona hadi kona mara mbili. Hizo kona ndizo watu wanazozidharau. Vipimo viwili vya kona vikilingana, na kuta zinazotazamana zikilingana, chumba kimekaa skwea. Vikipishana kwa sentimita kumi au ishirini, fundi aliteleza, na upana uliopima mwanzo wa chumba huenda usiwe ule wa mwisho. Pima pande zote nne, uchukue wastani. Chumba chenye umbo la herufi L kigawe mistatili miwili. Korido ihesabiwe, ni sakafu. Kabati lililojengewa ukutani lihesabiwe pia. Chora mchoro hata kama mkono wako si wa mchoraji, kila chumba na vipimo vyake ndani yake, halafu upige picha. Mchoro mbaya wenye namba sahihi unamsaidia mnunuzi kuliko picha nne za sebule zilizopigwa kutoka pembeni ili ionekane ndefu.

Varanda iandikwe peke yake. Choo cha nje, jiko la nje, banda la mifugo na chumba cha uani navyo vivyo hivyo. Fremu za biashara upande wa barabara zisijumlishwe na nyumba, kwa kuwa zina bei yake na wapangaji wake. Kuhusu pagale, yaani jengo lililosimamia kwenye renta au bado halijaezekwa, ushauri wangu ni mkali kidogo: liandike kwa kipimo cha nje tu, na utaje kwamba halijapigwa plasta. Kipimo cha ndani cha ukuta usio na plasta kitapungua sentimita tatu nne kila upande wa chumba, na mnunuzi atakapomaliza ujenzi atakuja kukuuliza zilikokwenda.

Turudi nje. Mikataba mingi ya viwanja vya vijijini huandika urefu wa pande nne na kuishia hapo: mashariki mita 20 imepakana na fulani, magharibi mita 20, kaskazini 30, kusini 30. Inaonekana imekamilika, lakini haijakamilika. Pande nne peke yake hazitoi eneo. Kiwanja chenye pande hizo hizo kikiwa kimelala upande, kona zake mbili zikiwa za nyuzi 60, kina mita za mraba 520 tu badala ya 600, na pande zote zimetimia. Dawa yake ni kamba ya kona hadi kona. Ivute kutoka kona moja hadi ile inayoitazama, upime urefu wake. Kisha kutoka kila moja ya kona mbili zilizobaki pima umbali mfupi kuliko wote hadi kwenye kamba hiyo. Jumlisha umbali huo wa pande mbili, zidisha kwa urefu wa kamba, gawa kwa mbili. Kamba ikiwa mita 34, na umbali wa kona ni 16 na 18, kiwanja kina mita za mraba 578. Mtoto wa darasa la saba anaiweza. Ardhi ikiwa na mteremko, tepu ishikwe mlalo hewani, isifuate udongo, maana eneo la kwenye ramani huhesabiwa kwa ardhi iliyotandazwa.

Programu za simu zinazopima kwa kuzunguka mpaka zina mahali pake. Kwenye shamba la alizeti la ekari tano zinatosha. Kwenye kiwanja, simu inayoweza kukosea mita tatu hadi tano hata mahali pa wazi inakupa majibu ya kubuni.

Lakini kipimo ambacho Misigiri kinamwumiza mtu kuliko vyote kinaanzia katikati ya lami. "Ipo barabarani" ni sifa kubwa kwenye tangazo, na ndiyo sehemu ya kutazamwa kwa macho mawili. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Wakazi wa kando ya barabara kuu nchini wanazikumbuka alama za X za TANROADS: nyekundu kwa aliyehesabiwa kuwa aliivamia hifadhi ya zamani, ya kijani kwa aliyekutwa na nyongeza, ambaye anastahili kulipwa fidia eneo lake likitwaliwa. Kwa hiyo simama katikati ya barabara wakati magari yamepungua, na mtu wa kukulinda, maana malori ya hapo hayana mzaha. Afadhali hata zaidi pima upana wote wa lami kutokea pembeni, chukua nusu yake, kisha endelea na tepu hadi kwenye mpaka wako wa mbele. Ukikuta mpaka unaanzia mita 24, mita zako sita za mbele zimo ndani ya hifadhi. Kiwanja chenye upana wa mita 20 kina mita za mraba 120 za namna hiyo. Kati ya zile 578, zinazobaki bila utata ni 458. Tangaza zote mbili. Mnunuzi anayetaka kujenga fremu mbele atakuuliza tu, na kama hakuuliza leo atauliza siku atakapofuata kibali.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, eneo la kutangaza ni lile la kwenye ramani ya upimaji. Kazi yako ni kuzitafuta bikoni na kuona kama uzio wako umezifuata. Bikoni iliyopotea hairudishwi kwa makisio, anaitwa mpima ardhi wa halmashauri. Kama ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, huenda una Hati ya Hakimiliki ya Kimila ambayo eneo lake limeandikwa kwa ekari au hekta. Libadilishe kuwa mita za mraba na uonyeshe yote mawili. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Kama huna chochote isipokuwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, andika wazi kwamba kiwanja hakijapimwa, na mauzo yapitie halmashauri ya kijiji. Na mwenza wako ajue mapema. Nyumba ya familia haiuzwi kwa sahihi ya mmoja.

Kuna wanaoogopa kwamba kuandika namba ni kujifunga. Ni kweli kwa kiasi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mnunuzi aliyepewa maelezo yasiyo ya kweli kuomba mkataba uvunjwe, hata kama muuzaji hakukusudia kudanganya, ingawa mnunuzi aliyekuwa na njia rahisi ya kuujua ukweli anaweza kukosa kinga hiyo. Lakini neno "kubwa tu" halikulindi, na "ishirini kwa thelathini" linakufunga zaidi, kwa sababu kila mmoja atalitafsiri mbele ya baraza anavyotaka. Namba yenye maelezo ndiyo inayokulinda. Usiandike desimali ambazo tepu yako haiwezi kuzitetea: 89.26 inajifanya ya kitaalamu, 89 inatosha. Neno "takriban" litumie kwa kiwanja ambacho hakijapimwa, si kwa chumba ulichokipima asubuhi hiyo.

Tangazo lingesomeka hivi: Nyumba inauzwa Misigiri. Sakafu ya ndani mita za mraba 89, bila varanda. Kwa nje mita 12 kwa 9, jumla 108, varanda ya mita sita za mraba ikiwemo. Sebule, vyumba vitatu kimoja masta, jiko, stoo. Vipimo vya kila chumba vipo kwenye mchoro. Choo na jiko la nje havijajumlishwa. Kiwanja takriban mita za mraba 578, ardhi ya kijiji, hakijapimwa na mpima ardhi. Kati ya hizo 120 ziko ndani ya mita 30 za hifadhi ya barabara. Imepimwa na mwenye nyumba kwa futi kamba, Juni mwaka huu. Ni refu kuliko matangazo tuliyoyazoea, na dalali atalalamika kwamba umemmalizia maneno. Mwache alalamike. Asilimia yake anaipata nyumba ikiuzwa, nayo itauzwa bila safari za bure za kuwaonyesha watu waliotaka nyumba ya ukubwa mwingine.

Siku mnunuzi atakapofika, mpe mchoro na tepu, ajipimie, awe na mtu wake na wewe wako. Namba zenu zikipishana sentimita mbili tatu, hilo ni suala la mkono ulioshika tepu. Zikipishana zaidi, msirudie nyumba nzima. Tafuteni ukuta mmoja mliotofautiana na mpime huo pamoja. Mkishindwa kabisa kukubaliana, iandikwe namba ndogo, mchoro uambatishwe kwenye mkataba, na mashahidi watie sahihi juu ya mchoro pia.